Msinipe pole, nitanieni

Mimi nzuri, ila mafua. Hilo neno "ila" lishikeni, nitalirudia.

Juzi Jumapili simu ililia, namba ya Bongo. Shangazi yangu wa Usangi. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu. Pole sana." Nikamwuliza pole ya nini, maana mafua sikuwa nimemwambia mtu. Akasema amesikia kwa watu kwamba nina usonji, kisha akaanza kulia. Mimi nilikuwa nakula. Nikamwambia ukweli: "Shangazi, ninao tangu nizaliwe, na wewe ulikuwepo." Kimya. Halafu akacheka, machozi bado yako kwenye sauti: "Kumbe ule ubishi wote ulikuwa ugonjwa?" Nikamwambia si ugonjwa, na ubishi ni wa ukoo.

Kicheko kile kilinifaa kuliko ile pole. Ndiyo maana leo nataka niseme jambo ambalo nimelibeba kutoka Louisville hadi Columbus hadi hapa Buffalo. Watu wakisikia neno usonji wanafanya moja kati ya mawili: wanakucheka, au wanakunyamazia kama wako msibani. Mimi sitaki yote mawili. Nataka utani. Na utani, ndugu zangu, ni kitu chenye sheria.

Kwa wasiojua: usonji ni ubongo kukua kwa njia yake tangu utotoni. Mazungumzo ya watu, sauti, mwanga, ratiba kubadilika ghafla, vyote vinampata mwenye usonji kwa namna nyingine. Wapo wasiosema kabisa na wanaohitaji mtu wa kuwatunza saa 24. Wapo kama mimi, tunaofanya kazi, tuna familia, ila tukiambiwa kitu tunakichukua kilivyosemwa.

Kule Usangi milimani hakuna aliyenishangaa. Nilikuwa mtoto anayepanga vizibo vya soda kwa rangi, na anayebishana na mwalimu kwamba saa nane na saa nane na dakika tano ni vitu viwili. Kwingine wangesema mtoto huyu ana jambo. Kwetu walisema, "Mpare kamili huyo." Watani wetu Wachaga husema Mpare akidaiwa kuku yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi. Kwa hiyo usonji wangu ulijificha ndani ya Upare miaka thelathini na kitu.

Kilichonishinda ni "karibu". Mnajua adabu zetu: ukikuta watu wanakula watasema karibu, nawe unasema asante, endeleeni, nimetoka kula sasa hivi. Mimi nilikuwa nakaribia. Nanawa mikono, nakaa. Mama alipogundua kwamba siku moja nimekula chakula cha mchana nyumba tatu, alinishika sikio. "Wanasema tu!" Nikamwuliza kama wanasema tu, kwa nini wanasema. Hadi leo sijajibiwa.

Mwaka 2004 nikatua Louisville, Kentucky. Jina la mji lenyewe ni mtego. Sisi tuliolelewa na Kiswahili, lugha ambayo herufi haidanganyi, tunasoma kilichoandikwa. Nikamwambia dereva wa teksi anipeleke "Lu-i-si-vi-le". Akaniuliza iko jimbo gani. Mji ulipewa jina la mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa, lakini wenyeji wanatamka kitu kama "Luavo", kana kwamba wana pipi mdomoni. Wenyewe wanajitania kwa hilo, wanauza hadi fulana zenye matamshi manne matano ya jina la mji wao. Nikasema hapa huenda nikapaweza.

Nilianza kama wengi wetu, kubeba boksi. Zamu ya usiku, ghala moja kubwa. Msimamizi alikuwa akipita ananiuliza hali yangu. Sasa kwetu salamu ina utaratibu, na ni utaratibu mzuri: unaanza na "nzuri", kisha unaweka "ila". Habari za nyumbani? Nzuri, ila paa limeezuliwa na upepo. Habari za babu? Nzuri, ila tulimzika juzi. Kila Mswahili anajua kwamba habari yenyewe iko baada ya "ila". Basi nikamwambia: nzuri, ila goti la kushoto, ila mwenye nyumba wangu, ila barua ya uhamiaji. Nilipoinua macho alikuwa ameshafika mlango wa pili. Kesho yake akauliza tena! Nikaendelea nilipoishia. Nilimaliza Ijumaa.

Mwezi huohuo familia moja ikanialika chakula. Mama mwenye nyumba akaonyesha meza, akasema maneno mawili ambayo ukiyageuza neno kwa neno yanakuwa "jisaidie". Nikashukuru, nikaomba nionyeshwe choo. Haja sikuwa nayo, lakini nilidhani ndiyo desturi yao kabla ya kula. Nikaenda, nikakaa huko muda wa heshima, nikarudi. Akaniambia tena: jisaidie. Nikarudi tena. Mara ya tatu mumewe alinifuata mlangoni kuuliza kama tumbo linaniuma. Leo nikisimulia hii kwenye harusi za Wabongo, watu wanashika mbavu, na mimi nacheka nao. Hakuna aliyenitega pale. Lugha mbili ziligongana, na mimi nilikuwa katikati.

Lakini kuna hadithi nyingine ya Louisville ambayo siisimulii harusini.

Usiku mmoja vijana wa zamu walinituma nikalete mashine ya kurefushia maboksi. Mzigo mrefu, boksi fupi, nikaona ni jambo la busara. Nilizunguka ghala lile dakika 40. Kila niliyemwuliza alinielekeza kwa mwingine, uso mkavu. Mwishowe mama mmoja wa makamo akanishika bega, akasema, "Mwanangu, mashine kama hiyo haipo duniani." Niliporudi, watu walikuwa wamekusanyika kunisubiri wacheke. Miezi mitatu mizima nilikuwa naitwa jina la mashine hiyo.

Kutumwa hakukuniumiza. Hata gereji za kwetu fundi mpya hutumwa kuleta kisichokuwepo. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa peke yangu upande wangu. Wao walijua ni mzaha, mimi sikujua, na hakuna aliyenipa zamu ya kujibu. Niliacha kazi ile. Kwa miaka kadhaa baadaye nilikuwa mtu asiyecheka kabla ya kuangalia wengine wanacheka nini.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo, tuangalie mwaka 1944.

Mwaka huo huko Vienna, daktari Hans Asperger alichapisha maelezo ya watoto aliowachunguza, ambao leo tungesema wana usonji. (Daktari huyu ana mambo mengine mazito: utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha jinsi alivyoshirikiana na utawala wa Wanazi.) Aliandika kwamba watoto hao hawana ucheshi, hawaelewi mizaha, hasa mzaha ukiwa juu yao wenyewe. Neno hilo likashika. Miaka mingi vitabu vikarudia: mwenye usonji hana utani.

Mwaka huohuo wa 1944, mwingereza mmoja aitwaye R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, kule milima ya Usambara, jirani kabisa na kwetu Upare, alichapisha makala juu ya utani wa makabila ya Tanganyika. Mtu wa ndege! Lakini aliona kitu ambacho wengi hawakukiona, kwamba utani si mzaha holela. Nani anamtania nani inajulikana. Anayetaniwa hana ruhusa ya kukasirika, lakini ana haki ya kujibu. Na mtani ana wajibu: ukifiwa, yeye ndiye anayekuja kuzika, na ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha watu makaburini, hata kuzuia jeneza hadi apewe chochote.

Ninapoweka maandishi haya mawili pamoja najiuliza: wale watoto wa Vienna walikuwa hawana utani, au walikuwa hawana watani? Mtoto anayechekwa na darasa zima, asiyepewa zamu ya kujibu, atacheka nini?

Kutoka Louisville ukishika barabara ya I-71 unapita Cincinnati na kufika Columbus, Ohio. Ndivyo nilivyofanya mwaka 2010, mimi, mama watoto na gari lililojaa masufuria. Wiki ya kwanza, dukani, mzee mmoja mwenye kofia nyekundu akanitazama usoni, akapaza sauti: "Oo! Eich!" Nikadhani ameumia. Nikamwuliza nimwitie gari la wagonjwa? Kumbe ni salamu ya mashabiki wa chuo cha Ohio State. Mmoja anatoa herufi mbili za mwanzo za jina la jimbo, O na H, na aliye karibu anajibu mbili za mwisho, I na O. Nilipoeleweshwa niliipenda kuliko kitu chochote Marekani. Hii ni hodi na karibu! Ni shikamoo na marahaba! Swali lina jibu lake, jibu halibadiliki, na mkimaliza kila mtu anaendelea na safari. Nilijibu salamu hiyo Columbus nzima kwa miaka tisa na sikukosea hata mara moja.

Columbus ndipo nilipopimwa, mwaka 2017. Mwalimu wa mwanangu alikuwa ametueleza dalili za mtoto, na mama watoto akageuka akanitazama mimi. Mtaalamu akanipa fomu. Kuna dodoso maarufu lililotengenezwa Cambridge mwaka 2001, lina vipengele 50, na kimojapo kinataka useme kama ungependa kwenda maktaba kuliko kwenda kwenye sherehe. Nikaandika pembeni: maktaba ipi? Sherehe ya nani? Kipengele cha pili nikarekebisha sentensi. Mtaalamu alipoona nimeandika pembeni ya vipengele 31, akatabasamu, akasema majibu mengine anaweza kuyakisia.

Habari ikaenea, mnatujua. Kila aliyenipigia alikuwa na sauti ya matanga. Pole, tunakuombea, Mungu yupo. Nashukuru kwa sala, sizikatai. Lakini baada ya wiki mbili za pole nilianza kujiona maiti inayokula ugali.

Kisha akaja mtani wangu, Mchaga wa Marangu anayeishi mtaa wa tatu kutoka kwetu. Akakaa, akaomba chai, akaniangalia. "Daktari amekutoza dola ngapi kukuambia kwamba wewe ni Mpare?"

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Na nikamjibu: "Afadhali mimi nimelipa nikapewa majibu. Wewe Mchaga ungeyauza mlangoni kabla hujayasoma." Zamu yake, zamu yangu. Usiku ule nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu nipewe ile karatasi.

Mwaka uliofuata mama yangu alifariki Usangi, nami sikuweza kusafiri. Nyumba ikajaa watu, taa zote zinawaka, kila aingiaye ananikumbatia, redio ya mapambio juu. Kichwa kilikuwa kinapasuka, na aibu ya kusema nayo. Mtani akafika. Hakuuliza kitu. Akazima taa mbili, akapunguza redio, akasimama mlangoni: "Mfiwa hakumbatiwi. Anayetaka kumkumbatia alipe ushuru, dola tano, mimi ndiye mtani." Watu wakacheka, wakanipa mkono tu. Alilala kwenye kochi letu siku tatu. Ushuru ulifika dola 85, akampa mama watoto anunue mchele. Hapo nilielewa kitu ambacho makala ya Moreau isingeweza kunifundisha: mtani anajua kinachokuuma kwa sababu amekutania miaka yote, na siku ya msiba anautumia ujuzi huo kukulinda.

Mtasema, wewe unasema vizuri, una maneno, ndiyo maana unaweza kutaniana. Haya. Columbus kuna Waswahili wengi, Wakongomani, Wakenya, hata Wasomali waliojifunza Kiswahili kambini. Mama mmoja wa Kongo tuliyefahamiana naye ana kijana asiyesema hata neno. Kila Jumapili kijana huficha kiatu kimoja cha mama yake, kimoja tu, kisha anakaa kwenye ngazi anatazama. Mama anatafuta, analalamika kwa sauti, "Jamani nani kachukua kiatu changu?" Kijana anavunjika mbavu. Mama alinieleza kwamba mara nyingi anajua kiatu kiko wapi. Anatafuta makusudi. Sasa huyo naye hana utani? Hana maneno, ila mtani anaye.

Mwaka 2012 mwanasosiolojia wa Uingereza, Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati yetu na wengine kuna pande mbili: sisi hatuwasomi nyinyi vizuri, nanyi hamtusomi sisi. Kwa mhamiaji hili halihitaji profesa. Mmarekani husema mimi nina lafudhi. Na yeye anayo, ila hakuna aliyewahi kumwambia.

Mwaka 2019 kazi ikatuleta Buffalo: I-71 hadi Cleveland, kisha I-90 kando ya ziwa Erie. Wote mnajua Buffalo ni theluji. Upepo unapita juu ya ziwa, unabeba unyevu, unautua juu ya paa langu. Asubuhi ya kwanza ya baridi kali, jirani yangu, mzee wa miaka themanini hivi, mjane, alikuwa anakoroga theluji kwa koleo. Akaniambia, "Hali ya hewa nzuri ya kuogelea leo." Nikaingia ndani, nikaleta kipimajoto, nikamwonyesha: nyuzi 14 chini ya sifuri, babu, utakufa. Akanitazama. Akacheka taratibu. Tangu siku hiyo kila theluji ikianguka anapiga kelele toka barazani: "Profesa! Ngapi leo?" Nami natoka na rula, napima, namjibu. Akisema ni nyingi namwambia ni sentimeta 22 tu, yeye ndiye amefupika. Nilikuwa nimepata mtani mwingine, na wala hajui Same iko wapi.

Siku moja ya vuli mwaka 2022 aliniambia, "Profesa, nisipoonekana siku mbili, njoo unichimbue." Nikaitikia. Nikaandika kwenye kalenda ya jikoni: jirani, siku mbili.

Ijumaa tarehe 23 Desemba 2022 ikaja ile dhoruba. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa. Upepo na theluji kiasi kwamba ukinyoosha mkono huuoni, magari ya zimamoto yenyewe yamekwama, barabara zimefungwa. Watu zaidi ya 40 walifariki katika kaunti hii ya Erie, wengine ndani ya magari yao, wengine ndani ya nyumba zilizopoa. Jumapili asubuhi, Krismasi, upepo umelegea kidogo, nikahesabu: siku mbili. Mama watoto akasema, "Baba, yule mzee alikuwa anatania." Nikamwambia alisema siku mbili.

Nyumba zetu zimeachana hatua kumi. Zilinichukua karibu saa nzima kwa koleo. Nilimkuta jikoni, makoti matatu, umeme hakuna, tanuri limezimika, midomo ya bluu. Tulimleta kwetu, tukampa uji wa tangawizi na mablanketi. Jioni alipopata nguvu ya kusema, akaniambia, "Profesa, ile ya siku mbili nilikuwa natania."

Nikamwambia, "Mimi sikujua."

Tukacheka wote. Mama watoto yeye hakucheka, alikwenda chumbani kulia kidogo. Mzee bado yupo, bado anauliza ngapi leo.

Sasa mnisikilize, nifunge hoja. Usonji si kichekesho. Mtoto anayefungiwa ndani wageni wakija, anayechapwa kwa sababu hatazami macho, huyo hachekeshi mtu, na anayemcheka aone haya. Taarifa ya mwaka 2025 ya wataalamu wa afya wa Marekani inasema kati ya watoto wa miaka minane waliofuatiliwa, 1 katika kila 31 ametambuliwa kuwa na usonji. Maana yake tumo kwenye kila basi la shule, na huko nyumbani tumo kwenye kila daladala, hata kama hatujapimwa. Hatuwezi wote kupewa pole maisha yetu yote. Pole inachosha, ndugu zangu. Inakuweka mbali.

Kwa hiyo ukikutana na mtu wa namna yangu, mtanie, ila kwa sheria za wazee wetu. Kwanza, ajue kwamba ni utani. Kama hajui, mwambie, haiharibu ladha. Pili, umpe zamu ya kujibu, na jibu likija usinune. Tatu, na hii ndiyo kubwa: kama hauko tayari kuja siku ya msiba wake, au kuchimbua theluji mlangoni kwake, huna ruhusa ya kumtania. Wale vijana wa ghala la Louisville walianguka katika zote tatu.

Shangazi alipiga tena jana. Hakusema pole. Alisema, "Mpare, umeshinda kesi ngapi huko?" Nikamjibu nne, na moja iko rufaa.

Ni hayo tu kwa leo. Ukipita Buffalo, karibu kwangu. Nami nikisema karibu, nina maana unawe mikono, ukae.